Karatasi ya Tutalirudia

Kwenye kila mafunzo yetu kulikuwa na karatasi moja kubwa iliyobandikwa pembeni mwa ukuta, mbali kidogo na nyingine, na juu yake iliandikwa kwa wino wa buluu: TUTALIRUDIA. Hiyo ilikuwa karatasi ya maswali magumu. Mwananchi akiinuka akauliza jambo ambalo mwezeshaji hana jibu lake, au analo ila anaogopa kulitamka mbele ya wageni, mwezeshaji alitabasamu, akasema, "Swali zuri sana," akaliandika pale, na mafunzo yakaendelea. Jioni karatasi zote zilikusanywa zikaletwa kwangu.

Mimi ni mtunza stoo wa Kituo cha Sera na Ushiriki wa Wananchi. Nilianza kazi pale Kituo kikiwa na meza mbili na birika moja. Leo tuna ghorofa mbili, na kaulimbiu yetu, "Kuuliza ni Kuongoza", imechapwa kwenye vikombe, kwenye miavuli, hata kwenye mlango wa choo, mahali ambapo sijui mtu aulize nini. Stoo yangu ina viti vya plastiki mia moja na ishirini, mabango, vibeji, maboksi ya kalamu ambazo nusu hazitoi wino, na kwenye rafu ya juu, karatasi za Tutalirudia za miaka kumi na moja. Nimeziviringisha moja moja, nikazifunga kamba, kila moja na kikaratasi cha tarehe na mahali. Sisemi haya kwa kujisifu. Haya, kwa kujisifu kidogo. Ukiniuliza karatasi ya mafunzo yoyote, nitakupa kabla hujamaliza kupiga chafya. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mpaka Jumatatu moja asubuhi, mlinzi wa getini aliponipigia simu ya ndani.

"Dada, kuna mama hapa. Anasema amekuja kuchukua swali lake."

"Swali gani?"

"Anasema liko kwenu."

"Muulize ana miadi na nani."

Nikasikia wakizungumza kwa mbali, halafu mlinzi akarudi kwenye simu. "Anasema ana miadi na swali."

Nikatoka kwenda kumwona, maana siku hiyo nilikuwa na hamu ya kucheka. Nilimkuta amekaa wima kwenye benchi la wageni, mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, utepe wa kupimia nguo bado uko shingoni na pini tatu na sindano yenye uzi zimechomekwa kwenye ukosi wa blauzi. Fundi cherehani, mtu haulizi mara mbili. Mkononi alishika daftari letu, lile tunalogawa kwenye mafunzo, limechakaa pembe zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye maswali?"

"Mimi ni wa stoo."

"Basi ni wewe," akasema, akainuka.

Nilimpeleka stoo, nikampa kiti, akanieleza mambo yake bila kupindapinda, kama mtu aliyeyapanga njiani. Miaka sita iliyopita watu wa Kituo walikwenda kwao, wakawafundisha siku tatu. Waliwafundisha kwamba uongozi hauanzii kwenye kiti, unaanzia kwa mwananchi anayethubutu kuuliza. Siku ya tatu yeye akathubutu. Akauliza: zahanati yetu imeshajengwa, imepakwa rangi, vitanda vimo ndani, na mlangoni kuna kufuli, ni nani anayezuia isifunguliwe, na itafunguliwa lini?

"Bwana mmoja mwenye miwani akasema swali zuri sana. Akaandika. Watu wakanipigia makofi. Nikakaa chini nimevimba kichwa, nikijua jibu linakuja."

"Halikuja."

"Nikangoja mwezi mzima. Nikaenda ofisi ya kata, nikauliza swali lilelile. Ofisa wa kata akafungua faili, akanionyesha barua yenu. Mliwapelekea taarifa baada ya mafunzo. Imeandikwa, suala la zahanati limechukuliwa na Kituo, litarudiwa. Akaniambia, mama, jambo likishachukuliwa na wataalamu, sisi wa huku chini hatuligusi. Tutaonekana tunawaingilia. Tuwasubiri."

"Mkasubiri miaka sita?"

"Nimekwenda kwake mara kumi na saba. Si mtu mbaya. Kila nikienda ananipa kiti. Wiki iliyopita nikamuuliza, sasa wale wakinirudishia swali langu, wewe utalijibu? Akafikiri, akasema, mama, hata siku hiyohiyo. Lete swali lenyewe, maandishi yao wenyewe, ili faili lionyeshe limetoka kwao limerudi kwetu. Ndiyo nikapanda basi."

Nilitaka kucheka lakini kicheko hakikuja. Nikamuuliza kwa nini sasa, baada ya miaka yote hiyo.

Akanyoosha utepe wake juu ya goti, akauviringisha tena. "Binti yangu ana mimba ya miezi minane. Hospitali ya mjini ni saa mbili kwa pikipiki. Ya kwanza, miaka minne iliyopita, tulimpeleka huko. Tulipita mbele ya zahanati yetu, mlango wa kijani, rangi bado inang'aa. Mtoto alizaliwa njiani, hakulia." Akanitazama. "Safari hii siwezi, mwanangu. Sina moyo wa kupita mbele ya mlango ule tena."

Nikapanda ngazi ya rafu. Sikuchukua hata dakika moja. Nilifungua kamba, nikaitandaza karatasi juu ya meza, nikaikandamiza pembe kwa maboksi ya kalamu. Yalikuwepo maswali tisa. Lake lilikuwa la nne: "Zahanati – nani? lini?"

Akaliinamia. "Ndilo hili? Langu lilikuwa refu."

"Huwa wanafupisha, mama."

"Si kitu. Nipe hivyohivyo."

Hapa ningemaliza kazi. Mkasi ulikuwa kwenye droo, mkono wangu ulikuwa mzima. Lakini mimi ni mtu wa utaratibu, na daftari la stoo linasema kitu kisitoke bila saini ya mkuu wa idara. Sijawahi kulivunja daftari lile. Nikamwambia, kwa sauti ileile ambayo nimeichukia kwa watu wengine maisha yangu yote, "Ni saini moja tu, mama. Nusu saa."

Mkuu wa idara ya mafunzo ndiye yule bwana mwenye miwani. Jina lake la kwenye cheti sina haja ya kulitaja, sote tunamwita Swali Zuri, na yeye anadhani ni sifa. Alisoma karatasi kwa makini, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, na uso wake ukachanua.

"Hili ni swali zuri sana," akasema.

"Ndiyo, bosi. Mwenyewe yuko chini, analitaka. Weka saini hapa."

"Analitaka kwa maana gani?"

"Kwa maana ya kulichukua aondoke nalo."

Akaegemea kiti. Akasema jambo hilo lina mawanda mapana. Swali likishaandikwa ukutani si la mtu mmoja tena, ni la washiriki wote. Isitoshe, utaratibu wetu ni wa kuibua maswali. Hatujawahi kuwa na utaratibu wa kuyarudisha. Akampigia simu ofisa wetu wa ripoti aje. Huyo tunamwita Bibi Takwimu, mwanamke nadhifu asiyekosea hesabu, ambaye hata ukimsalimia hujambo anataka kujua ukilinganisha na lini.

Bibi Takwimu alisikiliza, akasema haiwezekani. Kongamano la Wadau lilikuwa limebaki wiki tatu, na bango lilishachapwa, mita sita kwa mbili: WANANCHI WAMEIBUA MASWALI 1,212.

"Akichukua moja," akasema, "yanabaki elfu moja mia mbili na kumi na moja. Bango litakuwa la uongo."

"Kwani sasa ni la kweli?" nikauliza.

"Yapo mangapi kwenye rafu yako?"

"Elfu moja mia mbili na kumi na mbili."

"Basi."

Nikasema tutoe nakala, mashine ipo pale, dakika mbili. Bibi Takwimu akakunja uso kana kwamba nimetukana. Nakala maana yake swali moja litakuwepo mara mbili, moja kwetu na moja huko kata, na mtu akija kujumlisha kitaifa tutakuwa tumezidisha. Na kwa vyovyote, nikakumbuka, ofisa wa kata anataka maandishi yenyewe. Nikasema basi tumwandikie barua tu, mistari miwili, kwamba tumeliachia suala la zahanati, ili alijibu yeye. Hapo Swali Zuri akaniangalia kwa huruma. Barua ya kuliachia, akasema, ni sawa na kukiri kwamba tulilishika.

Nusu saa yangu ikawa saa tatu. Nilirudi chini kumwambia fundi kwamba inabidi tumsubiri Mkurugenzi, yuko safarini, anarudi Jumatano. Nilitegemea atagomba. Akasema, "Basi nitalala kwa mdogo wangu, yuko hapa mjini," akaniomba nivue koti langu, kwa sababu kifungo kimoja kilikuwa kinaning'inia na kilikuwa kinamkera. Akakishona palepale, na sindano aliitoa kwenye ukosi wake. Niliona aibu hata sikujua nitazame wapi.

Mkurugenzi akarudi Jumatano, akasikia habari, akafurahi mno. Huyu ni mtu wa furaha kubwa kubwa. Aliteremka mwenyewe mpaka stoo, jambo ambalo hajalifanya tangu tulipopata ghorofa ya pili, akamshika fundi mikono yote miwili.

"Mama, unajua wewe ni nani? Wewe ndiye ushahidi! Mwananchi aliyefuatilia swali lake miaka sita! Watu wanatuuliza kila siku, mafunzo yenu yanazaa nini? Haya ndiyo yanayozaa!"

"Nashukuru, baba. Naweza kupewa sasa?"

"Utapewa," akasema Mkurugenzi. "Tena kwa heshima yake." Akaita mpiga picha. Fundi akapigwa picha ameshika daftari, ameshika karatasi, na amekaa anaitazama karatasi kwa matumaini. Hiyo ya tatu ilirudiwa mara nne, kwa sababu mpiga picha alisema matumaini hayaonekani vizuri.

Alhamisi ikaitishwa kikao. Niliamriwa kuleta viti, maji ya chupa na karatasi yenye swali. Fundi naye akaalikwa, akakaa mwisho wa meza, na mtu kutoka mapokezi akamvalisha kibeji chenye neno MWANANCHI. Wengine sote vibeji vyetu vilikuwa na vyeo. Ukutani, kwa mazoea tu, maana sisi hatuwezi kukaa watu watano bila kubandika, kulikuwa na karatasi nne tupu, na ya pembeni ilishaandikwa kichwa chake.

Kikao kilichukua saa mbili na nusu. Nitafupisha, kama wanavyofupisha wao. Ilikubaliwa kwamba suala hili ni fursa. Ilikubaliwa uandikwe Mwongozo wa Urejeshaji wa Maswali kwa Wananchi, na iundwe kamati ndogo ya kuuandika, na kamati ndogo ipate mshauri. Bibi Takwimu akakubali kwa shingo upande, mradi swali likirudishwa lihesabiwe kuwa "limeibuliwa na kurejeshwa", ili lisipungue kwenye bango bali liongezeke kwenye safu nyingine. Ndipo Mkurugenzi akapata wazo lililomfanya asimame. Swali lisitolewe kimyakimya stooni kama vile ufagio. Litiwe kwenye fremu ya kioo, na mgeni rasmi amkabidhi fundi jukwaani, siku ya Kongamano, mbele ya wadau wote.

Watu wakapiga makofi. Mimi pia mikono yangu ilikutana mara moja kabla sijaizuia.

"Kongamano ni lini?" akauliza fundi. Alikuwa hajasema neno tangu asubuhi.

"Wiki tatu tu, mama," akasema Mkurugenzi.

"Binti yangu hatafika wiki tatu."

Nikawaza, haya, sasa wamesikia, hawa nao wana mama zao na dada zao. Mkurugenzi akashika kidevu. Bibi Takwimu akatazama karatasi zake. Swali Zuri akainuka pole pole, na nakiri kwamba kwa sekunde moja nilimpenda, nikidhani anakuja kwangu kuweka ile saini. Akampa fundi tabasamu lake, akachukua kalamu ya buluu, akaenda kwenye karatasi ya pembeni, akaandika: "Binti – wiki 3?"

"Hoja nzuri sana, mama," akasema. "Tutairudia."

Sijui wengine huwa wanakasirika vipi. Mimi masikio yangu yalipata moto. Nikaiviringisha karatasi ya miaka sita iliyopita, nikaitia kwapani, nikasema nakwenda kuleta maji mengine, na hakuna aliyenijibu kwa sababu walishaanza kujadili ukubwa wa fremu. Nilipopita nyuma ya fundi nikamgusa bega. Akaelewa. Waliobaki mezani walikuwa na digrii. Yeye na mimi tulielewana kwa kidole kimoja.

Stooni nikatoa mkasi. Nikalikata swali la nne, ukanda mrefu wa karatasi, juu la tatu na chini la tano, sikugusa herufi ya mtu mwingine. Fundi akaniambia nikate pole pole, nisiliachie ukingo wenye meno, na ilikuwa ni fundi anayesema, si mwombaji. Halafu nikafungua daftari la stoo, safu ya kutoa vitu. Kitu: swali, moja. Hali: limetumika kidogo. Kwa nani: mwenyewe. Kwenye nafasi ya mkuu wa idara nikaweka saini yangu mimi. Mwisho nikapiga muhuri wetu wa zambarau nyuma ya ule ukanda, IMETOLEWA STOO, na tarehe, kwa sababu ninawajua maofisa, karatasi isiyo na muhuri kwao ni kitambaa cha kupangusia meza.

Akalitia ndani ya daftari lake, akalifunga daftari kwa utepe wa kupimia. "Watakufukuza?"

"Wataunda kamati kwanza."

Hapo akacheka, mara ya kwanza tangu nimwone, akakimbilia basi na kibeji chake bado kiko kifuani.

Alinipigia simu Ijumaa mchana. Alisema ofisa wa kata alilipokea swali kwa mikono miwili, akalisoma, akaligeuza, akautazama muhuri wangu kwa kuridhika, akapiga wake, akalitoboa matundu mawili na kulitia kwenye faili. Kisha akavuta droo ya meza yake, ileile aliyokuwa anawekea kalamu, akatoa ufunguo. Miaka yote sita ulikuwa umbali wa mkono kutoka kwenye kile kiti alichokuwa anampa.

"Na muuguzi je?" nikauliza. "Mlipata wapi muuguzi?"

"Alikuwepo," akasema. "Yule dada wa meza ya mbele anayeandika barua zinazoingia. Nimemsalimia miaka sita nikidhani ni karani. Kumbe yeye ndiye muuguzi wa zahanati, aliletwa zamani, akaambiwa asubiri hapo ofisini mpaka suala lenu lirudiwe. Alipopewa ufunguo alilia, mwanangu. Amefagia mwenyewe."

Binti alijifungua siku kumi na moja baadaye, nyuma ya mlango wa kijani, mtoto wa kike, na safari hii mtoto alilia. Fundi alisema alilia kwa fujo. Mimi nilikuwa stooni nahesabu viti nilipopata habari hizo, na nikapoteza hesabu, na sikujali.

Kituoni, wakati huo, nilikuwa tayari nimepewa barua ya kujieleza. Bibi Takwimu ndiye aliyeliona tundu, alipokuja kuchukua karatasi ipelekwe kwa fundi wa fremu. Niliandika maelezo ya sentensi moja: "Mwenye swali alikuja, nikampa." Walikuwa wanatafuta kifungu cha kuniadhibu nacho wakati Mkurugenzi aliposikia kwamba zahanati imefunguliwa, na kwamba imefunguliwa kwa karatasi yenye muhuri wa Kituo. Barua ikafutwa siku hiyohiyo. Ikagundulika kwamba nilikuwa ninatekeleza Mwongozo wa Urejeshaji kwa majaribio. Mwongozo wenyewe ulikuwa bado haujaandikwa, lakini hilo halikumsumbua mtu.

Kwenye Kongamano waliitia ile karatasi kwenye fremu na tundu lake, wakaitundika jukwaani, wakaipa jina la Dirisha la Matumaini. Mgeni rasmi akaombwa achungulie. Akachungulia. Upande wa pili kulikuwa na ukuta, lakini alikaa pale muda wa kutosha wa picha, na watu wakapiga makofi mpaka wengine wakasimama. Swali Zuri akatoa mada. Nikiwa nyuma kabisa na viti vyangu nikasikia mwananchi mmoja, mzee wa makamo, akinyoosha mkono na kuuliza yale mengine elfu moja mia mbili na kumi na moja yatarudishwa lini. Nadhani mnajua aliambiwa nini, na liliandikwa wapi.

Fundi hakuja kwenye Kongamano. Alialikwa, akasema ana mtoto wa kuogesha.

Alikuja baada ya miezi miwili, siku isiyo na shughuli yoyote, mlinzi akamruhusu bila kunipigia. Alikuwa amembeba mjukuu mgongoni, akamfungua, akaniwekea mikononi. Kitoto kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, kichwa kina jasho, ngumi zimefumbwa kama kimekuja kudai kitu. Nilifurahi, sina njia nyingine ya kulisema. Nikamzungusha stoo nzima, nikamwonyesha viti, nikamwonyesha mabango. Nikajisikia mtu mkubwa. Ukweli ni kwamba kwa miezi miwili nilikuwa natembea hivyo, kidevu juu, mwanamke aliyekata karatasi.

Fundi alikaa kwenye kiti kilekile, akatutazama.

"Nina swali moja," akasema. "Si la kuandika."

"Uliza, mama."

"Kabla sijaja kulichukua. Miaka ile yote. Wewe ulikuwa umelisoma?"

Nilikuwa na majibu. Mtu aliyekaa Kituoni miaka kumi na moja hakosi majibu. Ningeweza kusema mimi ni wa stoo, nasoma tarehe na mahali tu. Ningeweza kusema yalikuwa mengi. Ningeweza kusema nilidhani kule juu yupo anayelishughulikia, na hilo lingekuwa na ukweli ndani yake. Mtoto alikuwa amenishika kidole.

"Ndiyo," nikasema. "Nililisoma siku ileile walipolileta. Huwa nayasoma yote, mama, kabla sijayafunga."

"Ukaonaje?"

"Nikaona ni jambo dogo. La simu moja."

"Halafu?"

"Halafu nikaliviringisha, nikaliandikia tarehe."

Nilitafuta hasira usoni mwake, nami ningeipokea kwa shukrani, lakini haikuwepo. Alikuwa anafikiri tu, na niliona midomo yake ikisogea kidogo, kama mtu anayehesabu miaka.

Kisha akainuka, akamchukua mtoto, akamfunga mgongoni, akavuta kitambaa vizuri ili shingo isipigwe na jua.

"Asante kwa kunijibu," akasema, na hakuwa ananikejeli.

Akatoka. Nikafunga mlango wa stoo kwa ndani, nikakaa kwenye kiti alichokikalia, nikalia.